Nyumba ya Kiislamu: Motokaa ya Mama



Katika ukurasa huu tumezoea kuyazungumza mambo ya ndani ya nyumba: malezi ya watoto, haki za mke na mume, wema kwa jirani. Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya zawadi. Na si kila zawadi, bali ile moja ambayo siku hizi imekuwa fahari ya nyumba nyingi, nayo ni motokaa. Zamani kijana aliyefanikiwa safarini alirudi na kanzu ya baba na kanga za mama, na aliyekunjuliwa riziki zaidi alijenga nyumba ya bati. Leo akifanikiwa, moyo wake humtuma amletee mzazi wake motokaa mlangoni. Wako pia waume wawapao wake zao, na baba wawapao watoto wao, na ndugu wapeanao wenyewe kwa wenyewe.

Jambo hili asili yake ni jema. Mtume wetu Muhammad, sala na amani zimshukie, alihimiza watu kupeana hadiya, akatufunza kuwa hadiya huzaa mapenzi, na yeye mwenyewe alikuwa akiipokea na kuilipa. Wala hakutaka idharauliwe kwa udogo wake. Aliwausia wanawake asiwepo jirani wa kumdharau jirani yake hata kwa kwato ya mbuzi. Ikiwa kwato ina heshima hiyo, basi nani atamlaumu mtu aliyempa mama yake chombo cha kumfikisha hospitali na msikitini bila ya kusimama juani?

Kwa hiyo hatukukusudia kuwalaumu watoaji. Tulilokusudia ni kuwauliza swali moja tu: Je, motokaa ile uliyosema umempa, umempa kweli?

Chombo kimoja, wenyewe wanne

Tuuweke mfano wetu Masumbwe. Mji huu umo katika wilaya ya Mbogwe, na tangu mwaka 2012 ni katika mkoa wa Geita; kabla ya hapo ulihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Uko juu ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwendea Nyakanazi, hata Rwanda na Burundi, na malori hayaishi kupita usiku na mchana. Watu wake hulima mpunga, pamba na tumbaku, na vijana wengi wameuelekeza uso wao kwenye dhahabu, maana ukanda huu wote ni ardhi ya machimbo. Tena nchi hii ya Wasumbwa ni nchi ya wasafiri tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara yao ilifika Katanga kufuata shaba, na huko mtu wao mmoja, Msiri, akawa mfalme mpaka alipouawa mwaka 1891. Mtu wa nchi kama hii hahitaji kufunzwa thamani ya chombo cha safari.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mama akipewa kanga, huzivaa mwenyewe, na hakuna mtu atakayeuliza ni za nani. Akipewa ng'ombe, humjua kwa alama na humkama asubuhi. Motokaa si hivyo. Motokaa huendeshwa na mmoja, hupandwa na mwingine, huandikwa kwa jina la wa tatu, na fedha inayozalisha huingia katika mfuko wa wa nne. Nayo haikai bure: katika mji wa njiani kama Masumbwe, gari likiwa zima asubuhi, jioni limekwisha leta fedha. Basi ni zawadi na ni biashara kwa wakati mmoja, na mtoaji huweza kuitoa kwa ulimi huku ameishika kwa mkono, wala asijitambue.

Sasa tutoe mfano. Mfano wetu si khabari ya mtu mmoja tumjuaye, bali ni sura ya mambo yanayoweza kuikuta nyumba yoyote.

Kijana mmoja wa Masumbwe ameshinda miaka machimboni. Siku moja duara lao likatema, naye akapata fungu lake. Akanunua motokaa iliyokwisha tumika Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikaja mpaka Masumbwe. Mama yake ni mjane auzaye mchele sokoni. Kijana akawaalika jamaa, akasomwa dua, kisha akanyanyua ufunguo mbele ya watu akasema: "Mama, hii ni yako." Mama akalia, na watu wakalia naye.

Baada ya watu kutawanyika, kijana akamwambia mama yake: "Mama, wewe huendeshi, na gari likikaa litaharibika. Acha dereva alipeleke Kahama, lifanye kazi." Mama akakubali. Ufunguo ukaenda kwa dereva, hesabu ya kila siku akapewa kijana, kadi ya gari ikabaki kwa jina la kijana, naye akasema kila alipokumbushwa: "Nitaibadilisha, Inshallah." Mama akawa apanda siku ya Ijumaa, na siku ya kliniki, na siku ya msiba. Ikapita miaka miwili, kijana akafariki dunia. Ameacha mama, na mke, na mtoto mmoja mwanamume, na wawili wanawake, wote wadogo.

Eda haijesha, maneno yameanza. Mama asema: "Mwanangu, ufunguo nilipewa mbele ya watu, na wewe ulikuwapo." Mke naye ajibu kwa adabu: "Mama, sikukatai, lakini kadi ni ya baba watoto, na hesabu ndiyo tuliyokuwa tukilia chakula. Nikiiachilia, mayatima hawa nitawalisha nini?" Msomaji, twakuomba utazame vizuri: hapa hapana mwovu. Mama asema kweli aliyoiona kwa macho yake, na mke asema kweli aliyoiona kwa macho yake.

Hesabu ya mirathi

Tuifanye hesabu, ili ijulikane uzito wa jambo. Tukichukulia kuwa deni la marehemu na gharama za mazishi zimekwisha lipwa na hakuna wasia, mirathi hugawiwa kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, kama yalivyopangwa mafungu katika Sura ya An-Nisaa. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, hupata sudusi, yaani sehemu moja katika sita. Mke, kwa kuwa kuna watoto, hupata thumni, yaani moja katika nane. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume kupata mara mbili ya mwanamke. Ndugu wa marehemu hawapati kitu hapa, maana yuko mtoto mwanamume. Na wale wanaokuja kuchukua gari kwa kusema ni la ukoo, wanachukua kisicho chao.

Basi tuseme motokaa ina thamani ya shilingi 9,600,000. Ikiwa ni mali ya marehemu, fungu la mama ni shilingi 1,600,000. La mke ni 1,200,000. La mtoto mwanamume ni 3,400,000. Na kila mmoja katika wale mabinti wawili ana 1,700,000. Lakini ikiwa motokaa ilikwisha kuwa ya mama, basi zote 9,600,000 ni za mama peke yake, na wengine hawana humo hata senti.

Tofauti ya hukumu hizi mbili si ndogo. Mama akiichukua yote hali haikuwa yake, amekula mali ya mayatima, na katika Sura hiyo hiyo liko onyo la moto kwa mwenye kuila kwa dhuluma. Mke akiizuia hali ilikuwa ya mama, amemdhulumu mwanamke mzee aliyemzaa mumewe. Kijana yule aliwapenda wote wawili. Lakini kwa neno lake la "nitaibadilisha" amewaachia moto katikati yao, na yeye hayupo tena wa kuuzima.

Hadiya hutimia kwa kukabidhi

Sheria yetu yasemaje? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika Afrika Mashariki, hiba huwa kwa mambo mawili na haishiki mpaka kwa la tatu. La kwanza ni neno la mtoaji: nimekupa. La pili ni neno la mpokeaji: nimekubali. La tatu ni kukabidhi: kitu kitoke katika mkono wa mtoaji kiingie katika mkono wa mpokeaji kwa idhini ya mtoaji. Kabla ya kukabidhi, mtoaji aweza kughairi. Na akifa kabla ya kukabidhi, khiari huingia kwa warithi wake. Wanavyuoni wa madhehebu mengine wana tafsili yao katika jambo hili, lakini wengi wao wanakutana katika kuipa mikono mahali pakubwa kuliko ndimi.

Wala hili si jambo lililozuliwa na watu wa vitabu. Imamu Malik ameipokea katika Muwatta khabari ya Sayyidna Abubakar, aliyefariki mwaka wa 13 wa Hijra. Alikuwa amemuahidi binti yake, Bibi Aisha, mavuno ya tende ya wasaki 20 kutoka shamba lake la Al-Ghaba. Mauti yalipomjia, akamwambia kuwa hakuna mtu ambaye angependa atajirike baada yake kuliko yeye. Na lau angalikwisha kuzikata tende zile na kuzichukua, zingalikuwa zake. Lakini leo ni mali ya warithi, nao ni kaka zake wawili na dada zake wawili, basi na wagawane kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Bibi Aisha akajibu kuwa hata ingalikuwa ni zaidi ya hiyo, angaliiacha. Kisha akauliza: dada ni Asmaa peke yake, huyo wa pili ni nani? Akamwambia ni yule aliyemo tumboni mwa mkewe, binti Kharija. Na kweli akazaliwa mtoto mwanamke.

Tuitafakari khabari hii. Mtoaji ni mbora wa umma baada ya Mtume. Mpewa ni Mama wa Waumini. Neno la kutoa lilitamkwa, na mapenzi hayana shaka. Hata hivyo zawadi isiyoshikwa haikuweza kuipita haki ya mtoto aliyekuwa bado tumboni. Ikiwa neno la Sayyidna Abubakar bila ya kukabidhi halikumtosha binti yake, litatosha vipi neno letu mimi na wewe, lililosemwa siku ya karamu na kusahauliwa siku ya hesabu?

Sasa turudi kwa motokaa ya Masumbwe. Mwenye kuhukumu hatauliza nani alilia siku ile. Atauliza: ufunguo ulikaa kwa nani? Dereva aliajiriwa na nani? Gari lilipoharibika, fundi alimwendea nani? Hesabu ilipelekwa kwa nani? Ikionekana kuwa mama aliushika ufunguo, akamwachia mwanawe gari alisimamie kwa niaba yake, na hesabu mwana alikula kwa ruhusa ya mama, hapo mama ana hoja kubwa, hata kama kadi haina jina lake, kwani kadi si sharti ya hiba katika sheria yetu. Lakini ikionekana kuwa ufunguo ulipanda juu mbele ya watu ukateremka katika mfuko ule ule, basi mama alipewa kiti, hakupewa gari. Na kwa kuwa mama ndiye mdai, ni juu yake kuleta ushahidi. Ama yule anayekana, juu yake ni kiapo. Ni jambo zito kumsimamisha ajuza aliyefiwa na mwanawe, aambiwe alete mashahidi wa mapenzi ya mwanawe.

Kadi haidanganyi, wala haioni haya

Baadhi ya watu hudhani kuwa kumwandikia mzazi kadi ni kukosa imani, au ni mambo ya ofisini yasiyokuwa na nafasi baina ya mtu na mama yake. Hii ni dhana mbaya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika na kushuhudisha madeni. Mola aliyetufunza kuaminiana ndiye aliyetufunza kuandika, kwa kuwa wino haufi wala hausahau.

Katika nchi yetu ya Tanzania, jina lililomo katika kadi ndilo linaloonekana na serikali kuwa ni la mwenye gari, mpaka upatikane ushahidi wa kulipinga. Mtu akifa, jamaa hwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo hukusanya kila kilichoandikwa kwa jina la marehemu. Hatakuwa na kosa akiikusanya motokaa ya mama. Amefanya kazi yake. Mwenye kosa ni yule aliyekwenda kaburini na jina la mama mdomoni na jina lake katika kadi.

Dawa yake si ngumu. Andikeni hati ya kupeana, isemwe wazi kuwa ni zawadi, watie saini mtoaji na mpokeaji na mashahidi. Kisha mwende Mamlaka ya Mapato na kadi ya asili, vitambulisho na namba ya mlipa kodi ya yule anayepewa, jina libadilishwe. Kadhalika bima ibadilishwe, maana bima iliyoandikwa kwa jina la asiye mwenye gari huweza kuleta maneno siku ya ajali. Gharama ipo, na safari ya kwenda ofisini ipo. Lakini aliyeweza kuinunua motokaa hashindwi na hilo.

Twawakumbusha pia wanaume wenye kuwapa wake zao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 61, yachukulia kuwa mali ambayo mume amempa mkewe, au mke amempa mumewe, ni ya aliyepewa kabisa, isipokuwa upatikane ushahidi wa kinyume. Basi asijidanganye mume kwa kumpa mke gari siku ya mapenzi na kulidai siku ya hasira. Na kama alikusudia kumwazima tu, kuazima si haramu: aseme kuwa ameazima. Na akisema kuwa motokaa hii ni yako maadamu u hai, ajue kuwa wanavyuoni wetu, kwa hadithi iliyopokewa na Jabir, wameihesabu hiyo kuwa ni hiba kamili: itakuwa ya mpewa, na baada yake ni ya warithi wake. Basi na tuyapime maneno kabla ya kuyatamka.

Uadilifu baina ya watoto

Hata sasa tumesema juu ya mtoto kumpa mzazi. Mzazi kumpa mtoto kuna sharti lake jingine. Nuuman bin Bashir amesimulia kuwa baba yake alimpa yeye zawadi ya mtumwa, na mama yake, Amra binti Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume awe shahidi. Baba akaenda kwa Mtume, naye Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akasema hakuwapa. Mtume akamuamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Bashir akarudi, akairejesha zawadi ile. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Mzee wa Masumbwe mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga humpa mwanawe mkubwa gari la abiria, na mabinti zake watatu huwaambia kuwa wao wataolewa. Hajui kuwa siku ile amenunua chuki pamoja na gari. Katika madhehebu yetu, kusawazisha baina ya watoto katika zawadi ni sunna iliyotiliwa mkazo, mwanamume na mwanamke sawasawa, na kumpendelea mmoja bila ya sababu ni karaha. Sababu ya haki ikiwapo, kama mtoto mlemavu asiyeweza kutembea, au aliye na haja ambayo wenzake hawana, basi kumpa huyo ni kutimiza haja yake, lakini wenzake waelezwe, waridhike. Wala si lazima kila mtoto apewe motokaa. Aliyempa mmoja gari aweza kuwapa wengine kiwanja au mifugo ya thamani hiyo. Au aliweke gari kwa jina lake mwenyewe, mkubwa aliendeshe kwa ujira unaojulikana, na faida iwe ya nyumba nzima. Hiyo si zawadi, ni kazi; na kazi iliyo wazi ni bora kuliko zawadi iliyopinda.

Hapa tuseme neno juu ya kurudisha zawadi. Mtume amemfananisha mwenye kuirudia zawadi yake na mbwa mwenye kuyarudia matapishi yake. Ameachiwa baba peke yake kwa mtoto wake, na wanavyuoni wetu wamemuunganisha naye mama na mababu, maadamu kitu kingali katika milki ya mtoto. Na Sayyidna Umar alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, na farasi siku zile ndiye gari la watu. Yule mtu hakumtunza. Sayyidna Umar akataka kumnunua tena, akidhani atauzwa rahisi. Mtume akamkataza asimnunue hata kama atapewa kwa dirhamu moja. Tazama, hakukatazwa kumnyang'anya tu. Amekatazwa hata kumnunua sadaka yake mwenyewe, na hali aliona kwa macho kuwa farasi anapotea. Basi wewe uliyempa ndugu yako gari, ukaliona limechubuka rangi na halioshwi, uzuie ulimi wako. Liliposhuka katika mkono wako, liliteremka pia katika ulimi wako.

Kabla ya kutoa

Yako mambo ya kutazamwa kabla ya ufunguo kunyanyuliwa, nayo tutayataja kwa ufupi.

La kwanza, mali yenyewe. Mchimbaji aliyepata dhahabu iliyofika nisabu, nayo ni kiasi cha gramu 85 ya dhahabu safi, ana zaka ya kutoa pale pale anapoipata na kuisafisha, robo ya fungu la kumi, yaani mbili na nusu katika mia, wala hangojei mwaka upite. Haki ya maskini haifai kugeuzwa magurudumu.

La pili, deni. Mwenye kudaiwa na wenzake wa duarani, au na mwenye karasha, au na muuza duka aliyemlisha miezi ya ukame, kulipa ni wajibu na zawadi ni sunna. Na mwenye kukopa kwa riba ili ampendeze mama yake, amempa mama furaha ya siku moja na amejichukulia dhambi ya miaka.

La tatu, haja ya mpewa. Mama asiyeendesha, asiyekuwa na dereva wala fedha ya mafuta, ukimletea motokaa umemletea mgeni anayekula kuliko wenyeji. Tangu mwaka 2017 imeondolewa ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, lakini bima, mafuta na matairi hayakuondolewa. Mtoaji mwema huuliza kwanza. Huenda mama alitaka kisima.

La nne, afya ya mtoaji. Zawadi itolewayo katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: haipiti thuluthi ya mali, na ikiwa ni kwa mrithi, haipiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo anayetaka kumpa mama yake, na ampe akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake.

La tano, nia. Waalike watu wawe mashahidi, si wawe watazamaji. Shahidi ni yule atakayeulizwa kesho, naye hupaswa kusikia neno la kutoa, na neno la kukubali, na kuona ufunguo ukikaa katika mkono wa mpewa. Anayetazama ili asifu, sifa yake huisha pamoja na pilau.

Neno la mwisho

Vijana wetu, twawaambia khasa ninyi mliomo katika machimbo na katika barabara, ambao ajali huwafikia kabla ya mvi. Wengi wenu mna moyo mwema kwa wazazi wenu kuliko tulivyokuwa sisi. Basi wema huo msiuache nusu. Kama usiku huu kuna motokaa iliyosimama uani, nayo nyumba nzima yaiita motokaa ya mama, hali kadi yake ina jina lako na hesabu yake yaingia mfukoni mwako, kaa na mama yako na mkeo pamoja, mseme ukweli wake. Ikiwa ni ya mama, mkabidhi ufunguo, mwambie dereva kuwa tangu leo mwenye gari ni huyu, na wiki hii mwende mkaandike. Ikiwa ni yako nawe humchukulia mama kwa wema, sema hivyo pia. Hiyo si aibu, ni thawabu, na mama atakuombea vile vile. Lililo baya ni lile la katikati, ambalo kila mmoja alijuavyo ni mbali na alijuavyo mwenzake, mpaka siku ya kuulizana mbele ya jeneza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azitakase zawadi zetu, na asizijaalie mali zetu kuwa fitina baina ya mama zetu na watoto wetu. Amin.

Wallahu aalam.